Muulize Mzee wa Ndege: Bwawa Limejaa, Vitwitwi Wako Wapi?

Mwezi huu barua zimekuja kama mvua ya Kinangop, ukidhani zimekatika zinaanza upya. Karibu zote ni za watu waliopanda kwenye mabwawa ya milimani kutafuta ndege wa matopeni, wale wa miguu mirefu wanaotembea ukingoni mwa maji wakidonadona, halafu wakarudi nyumbani wamelowa chapachapa na daftari halina kitu. Nimechukua sita. Majina ya hawa ndege kwa Kiswahili kila mtu na lake, wengine kitwitwi wengine chamchanga, mimi hapa nitasema kitwitwi na pale inabidi nitaweka jina la kisayansi ndio tusipotezane.

*Mzee sasa? Mimi na mabeshte wawili tulienda Ndakaini Mei, tukatembea masaa matatu, tukaona yangeyange wawili, mnandi mmoja amekauka juu ya mti na bata kiasi. Vitwitwi hata mmoja hakuna. Saa nane mvua ikatupata tukakimbia mpaka stage, simu yangu haijawahi kuwa sawa tena. Tulikosea wapi ama hiyo story ya ndege Ndakaini ni uongo? – Wa Thika*

Wa Thika, pole kwa simu. Si uongo, ni vile mlienda bwawa likiwa limeshiba.

Ebu fikiria umbo la hiyo kitu. Ndakaini ni bonde la mto Thika limezibwa kwa ukuta wa udongo, uko mita elfu mbili na kidogo juu ya usawa wa bahari, likijaa linashika maji ya mita za ujazo milioni 70 na hayo ndiyo Nairobi inaogea na kupikia chai. Kando zake ni mteremko, chai inashuka, nyasi zinashuka, halafu maji, chubwi. Sasa kitwitwi mwenye miguu ya sentimita chache atasimama wapi? Huyu si bata, hakai juu ya maji akipigwa na mawimbi, anataka tope laini la kina cha kidole ambalo mdomo utaingia na kutoka na mnyoo. Bwawa likijaa tope lote liko chini ya maji. Kwa hivyo siku watu wa maji wanapiga picha wakifurahi eti bwawa limefika asilimia mia, wewe baki nyumbani ufue nguo.

Na Mei ina shida ya pili, wageni wenyewe walishaondoka. Vitwitwi wengi tunaowaona huku hawazai huku, wanazaa kaskazini, wengine Urusi kule juu kabisa ambako miti imekataa kumea, wanatuacha kati ya Machi na mwanzo wa Mei na wanaanza kurudi mwisho wa Julai, Agosti, Septemba wanakuwa wengi. Kuna wachache vijana hubaki mwaka mzima lakini usipange safari kwa ajili ya hao. Kwa hivyo mlibisha hodi kwa nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na mlango umefunikwa na maji.

Nenda Februari ama mwanzo wa Machi, kiangazi kikiwa kimekaza. 2017 maji yalishuka hadi Nairobi ikawekwa kwa mgao, mimi na mtungi wangu nilikuwa kwa laini kama wengine, na niliona aibu kidogo kwa sababu moyoni nilikuwa nawaza lile tope lote limeanikwa huko juu. Na ukifika usizunguke bwawa lote kama mtu anakimbia marathoni, nenda moja kwa moja kwa zile ncha ambapo mito inaingia, Thika, Githika, Kayuyu. Mto ukifika kwa maji yaliyosimama unachoka, unaangusha udongo wake pale, na hapo ndipo panakuwa na kina kifupi na tope tamu. Omba ruhusa kwa geti kabla hujaingia, ni maji ya kunywa ya watu, halafu ukae chini. Kukaa. Nusu saa bila kuongea.

Sasa hiyo mvua ya saa nane ambayo mliikimbia, mimi hapo ndio ningebaki. Sisemi mkae chini ya mti radi ikipiga, radi ikianza ingieni kwa gari ama kwa nyumba ya mtu, mambo ya ndege yangoje. Lakini ile mvua ya kawaida ya milimani, inakuja robo saa, inaenda, jua linachungulia, inarudi, hiyo ni rafiki yako. Ikinyesha minyoo inatoka, wadudu wanaangushwa kwa maji, na ndege ambao walikuwa wametawanyika kwa vidimbwi vya mashamba wanasogea pamoja. Na Oktoba Novemba kuna zawadi nyingine, ndege wanaosafiri usiku wakikutana na wingu zito na upepo wa kuwasukuma nyuma wanashuka popote wanapoona maji yanang'aa. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 kuna watu wanaovisha ndege pete miguuni, na usiku wanaoomba ni ule wa ukungu mzito usio na mwezi, kwa sababu ndege wakipotezwa na ukungu wanavutwa na taa za loji na kushuka kwa wingi. Wale wengi ni ndege wadogo wa vichakani lakini hesabu ni ile ile, hali ya hewa mbaya kwa msafiri ni nzuri kwa anayemngoja.

*Salamu kutoka Njabini. Mimi nalisha ng'ombe karibu na bwawa la Sasumua na ndege nawaona, shida ni kuwajua. Kuna mmoja anatikisa kiuno bila kuchoka. Kuna mwingine kama yeye lakini akiruka anaonyesha mgongo mweupe. Na kuna wa tatu ni kama wote wawili. Kwa kitabu zote ni kahawia. Na asubuhi huku ni ukungu, rangi hata sizioni. – Baba Wawili*

Baba Wawili una bahati na hujui. Watu wanatoka Nairobi saa kumi na moja asubuhi, wanashukia stage ya Flyover, wanatafuta matatu ya Njabini wakitetemeka, wewe unaamka uko hapo hapo mita 2,500 na ng'ombe wako.

Sahau rangi. Ukungu ni mwalimu mzuri kwa sababu unakunyang'anya rangi unabaki na mwendo na sauti, na hawa ndege wanajulikana kwa mwendo na sauti. Huyo wa kutikisa kiuno ni Actitis hypoleucos. Hata akisimama hasimami, matako juu chini juu chini kama mtu ana wimbo kichwani. Mwangalie begani, ule weupe wa tumbo unapanda kama kabari kati ya kifua na bawa, ukiona hiyo kabari umemaliza. Akiruka haendi juu, anaenda chini kabisa karibu aguse maji, mabawa yamekaza, anapiga haraka haraka kidogo halafu anateleza, anapiga anateleza, huku analia twii-wii-wii.

Wa mgongo mweupe ni Tringa ochropus. Juu ni mweusi-mweusi, akiinuka unaona kiuno cheupe na chini ya bawa kweusi, kwa haraka utadhani ni mbayuwayu mkubwa. Huyu ni mwoga na hapendi jamii, utamkuta peke yake kwa mtaro ama kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, unamshtua kabla hujamwona, anapanda juu kwa zigizaga akikupigia kelele. Wa tatu nadhani ni Tringa glareola, mgongo una madoadoa kama mtu amemwagiwa chumvi, nyusi nyeupe ndefu, miguu ya kimanjano, kiuno pia ni cheupe na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, lakini chini ya bawa lake ni kweupe-weupe, si kweusi. Na yeye anapenda wenzake, ukiona watano sita pamoja kwa nyasi zenye maji, usisumbuke, ni yeye.

Kuna mmoja hukumtaja na najua yuko hapo, yule mdogo mwenye mikanda miwili myeusi kifuani na pete nyekundu jicho zima, Charadrius tricollaris. Huyo si mgeni, ni mwenyeji, miezi yote yupo. Nilimtazama mwaka juzi hapo Sasumua, ukungu umekaa mpaka saa tatu, nimekaa kwa jiwe baridi inapanda kwa suruali, yeye mita nne mbele yangu wala hana habari na mimi. Anakimbia, anasimama ghafla, halafu anatoa mguu mmoja mbele na kuutetemesha juu ya tope, tetetete, kama cherehani. Anauinua, anatazama, anadona. Anasogea hatua tatu anarudia. Ule mtetemo unawashtua wadudu wa topeni, wakisogea tu ameshawaona. Huyu anawinda kwa macho, ndio maana mdomo wake ni mfupi. Hao wa midomo mirefu wanapapasa, ncha ya mdomo ina hisia kama kidole chako. Ukishaona hiyo tofauti huwezi tena kusema wote ni kahawia.

Weka hesabu, tafadhali. Kila Januari watu hupita kwa maziwa na mabwawa kuhesabu ndege wa majini na mtu aliye hapo kila siku na ng'ombe ana habari kuliko sisi wa siku moja. Na ukipita kwa zile nyasi za mafungu mafungu ambazo bado hazijalimwa viazi, angalia ndege wa manjano mwenye michirizi mgongoni, Macronyx sharpei, si wa topeni lakini hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya na nyasi zake zinaisha.

*Mzee nataka kununua darubini, nimeona moja barabarani imeandikwa 60x60, bei poa sana. Nyingine dukani ni 8x42 na ni ghali mara kumi. Si 60 ni kubwa kuliko 8? Na mbona ile ya rafiki yangu inajaa mvuke nikiangalia? – Msichana wa Ruiru*

Hiyo 60 ni maandishi tu, wacha ibaki barabarani. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayovuta mara 60 ingekuwa kweli usingeweza kuishika kwa mkono, kila pigo la moyo ndege angeruka kutoka kwa picha. Kwa bwawa la milimani na upepo wake chukua ya 8, ya 10 ni sawa kama mikono yako haitetemeki kwa baridi, na 42 inakupa mwanga wa kutosha wakati wingu limeshuka. Mvuke ni pumzi yako na joto la uso, beba kitambaa cha pamba kwenye mfuko usioingia maji ili kibaki kikavu. Kama mvuke uko ndani ya kioo chenyewe hiyo imeingia maji, pole kwa rafiki yako.

Lakini usinunue kwanza. Jumatano asubuhi nenda Museum Nairobi, shirika la Nature Kenya wana matembezi ya ndege tangu 1971, Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha. Utapata watu wenye darubini za kila aina, omba uchungulie, ndio ujue pesa yako inaenda wapi.

*Shikamoo mzee. Nakusoma toka Mafinga. Wewe kila siku unasema Januari Februari, nami nimekuamini, nimekwenda bwawa la Ngwazi Januari, maji yamejaa pomoni, mvua haikati, barabara utelezi nimeanguka na pikipiki. Ndege hamna. Jamani unatupoteza wa huku kusini. – Mwalimu*

Marahaba mwalimu, na nakubali kosa, nimeandika kama kwamba Afrika Mashariki yote inanyeshewa siku moja. Pole kwa kuanguka.

Kalenda yenu ni nyingine. Huku kwetu mvua ni mara mbili, kwa hivyo bwawa linashuka linajaa linashuka linajaa. Nyinyi wa Mufindi huko Tanzania mna msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili na zaidi, halafu Juni mpaka Agosti ile baridi na ukungu wa kwenye chai, halafu ukavu. Mwisho wa ukavu ni Septemba Oktoba, maji yameshuka, wakulima wa chai wameyanywesha mashamba, tope liko wazi, na ni wakati huo huo vitwitwi wanaingia kutoka kaskazini wakiwa na njaa ya safari. Nyinyi mnapata vyote viwili kwa pamoja! Sisi huku ikifika Novemba wageni wamefika na mvua inatuzibia tope. Nakuonea wivu.

Kwa hivyo nenda mwisho wa Septemba, na usiende mara moja, nenda kila wiki mpaka mvua ya kwanza. Utaona wanavyobadilika, leo Tringa nebularia wawili wa kijivu wanakimbia ndani ya maji kama watoto wanafukuza samaki, wakishtuka wanalia mara tatu tyu-tyu-tyu mpaka bonde linaitikia, wiki ijayo hawapo, kuna kundi la Calidris minuta, wadogo kama shomoro, wanadona haraka kama cherehani ya fundi mwenye oda za Idi. Mvua kubwa ikianza hamia kwenye majani mafupi yaliyotota, uwanja wa mpira wa shule yako ukiwa na madimbwi ni mahali pazuri kuliko bwawa, sikutanii. Na jioni kwenye kinamasi simama usikilize juu, yule wa mdomo mrefu kama sindano ya kushonea gunia, Gallinago nigripennis, huruka juu giza likiingia halafu anajiachia kushuka na manyoya ya mkia yanavuma. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni mbuzi amepotea hewani.

*Hawa ndege weusi na weupe na kijivu kando ya dam yetu wametushinda. Watoto wakienda kuchota maji wanawarukia vichwani wakipiga kelele ting ting ting. Mbwa wetu amekataa kwenda huko. Ni wachawi ama? – Mama wa Ol Kalou*

Mama, si wachawi, ni wazazi. Huyo ni Vanellus armatus, wengi humwita mhunzi kwa sababu mlio wake ni nyundo kwenye chuma. Ana mayai ama vifaranga hapo karibu, na kiota chenyewe ni kishimo tu ardhini, mayai yana rangi ya udongo, mtu anakanyaga bila kujua. Hawaumizi, wanatisha tu. Waambie watoto wapite njia nyingine wiki kadhaa, vifaranga wao hutembea siku ile ile wametotolewa, si kama njiwa wa kukaa kiotani wakilishwa. Mbwa mfungeni. Mbwa ana akili kuliko nyinyi, amejua mwenyewe.

*Assalaam aleikum mzee. Mimi mtu wa Tanga lakini niko Sheffield, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Aprili nilikwenda Ladybower, lile bwawa la milimani, ndani ya saa moja nimepata jua, mvua ya mawe, upepo wa kung'oa kofia, jua tena. Nikiwa nimejibanza nyuma ya ukuta wa mawe nikamwona kitwitwi anatikisa kiuno kwenye kokoto. Nilikaribia kulia. Ndiye yule yule wa Tanga? – Mtoto wa Chumbageni*

Waaleikum salaam mwanangu. Aina ni ile ile, Actitis hypoleucos, kabari begani na kiuno hakitulii. Lakini ndege mwenyewe yule pengine hajawahi kuiona Tanga, wengi wa Uingereza wakiondoka huenda Afrika Magharibi, mikoko ya Guinea-Bissau na majirani zake, na wale wa kwetu hutoka mashariki zaidi, upande wa Urusi. Kwa hivyo ni binamu, si ndugu.

Ila wewe umemwona akiwa kwake. Huku tunamwona akiwa kazini, mpweke, anakula tu. Huko Aprili amefika kuoa. Ladybower nalo ni bonde lililozamishwa, ukuta ulikamilika 1943 na vijiji viwili, Ashopton na Derwent, viko chini ya maji, na zile kingo za kokoto ndizo anazozitaka. Dume huruka akizunguka juu ya maji akiimba, jambo ambalo sisi wa huku hatumsikii akilifanya. Mayai ni manne, kwenye majani karibu na maji, na mara nyingi mama huondoka kabla vifaranga hawajajua kuruka, baba anabaki nao. Kufikia Julai wakubwa wameanza kuondoka, kwa hivyo usichelewe. Na ukimwona anapiga kelele akikuzunguka huku anatikisa kuliko kawaida, rudi nyuma, uko karibu na watoto.

Halafu siku upepo umetulia panda juu kwenye nyika, mbali na maji, mwezi wa tano hivi. Utasikia mlio unaanza polepole, kur-lii, kur-lii, unapanda, unaanza kutetemeka kama chungu kinachemka. Huyo wala sikwambii ni nani, umemsikia Tanga maji yakitoka ukiwa mdogo, akitembea peke yake kwenye tope na mdomo uliopinda kama mundu. Ni sululu. Chukua koti la mvua.